Mwendo wa Kusalimiana



Jumamosi iliyopita sikuwa na harusi wala mazishi. Pikipiki yangu ilikuwa kwa fundi ikisubiri kipuri kutoka Molo, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya Keringet. Niliingia stoo, nikasogeza magunia ya mbegu za viazi, nikaitoa baiskeli ya marehemu baba yangu. Ni Black Mamba, nyeusi, nzito, yenye keria pana ya chuma nyuma na kengele ambayo bado inalia. Nikaijaza upepo, nikautia mnyororo mafuta, nikamwambia mama watoto nitarudi jioni. Nikatoka bila miadi na mtu yeyote.

Wazo hilo lilikuwa limetoka mbali. Juma moja kabla, binti mmoja wa kanisa letu anayesoma Ufaransa alinitumia ujumbe wa sauti. Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana. Ujumbe wa sauti nadhani unapita nusu, maana nilisikia hata pumzi yake ikiwa na furaha. Alikuwa ameshinda kwenye baiskeli na wenzake watatu, wakiufuata Mto Loire. Huo ndio mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, na kandokando yake kuna njia ya baiskeli ya kilomita 900 hivi, inayoanzia karibu na mji wa Nevers na kwenda mpaka mto unapoingia katika Bahari ya Atlantiki. Wao hawakuwa na nia ya kuimaliza. Walitoka mji wa Tours wakaelekea Amboise, mahali ambapo mchoraji Leonardo da Vinci aliishi miaka yake ya mwisho na kufariki mwaka wa 1519. Garimoshi huumaliza mwendo huo kwa muda mfupi tu. Wao uliwachukua siku nzima, kwa sababu walisimama penye kivuli, wakasimama penye mkate, wakasimama kumtazama ndege wa majini akivua samaki.

Lakini kilichomshangaza binti huyu hakikuwa mto wala majumba ya wafalme. “Pasta,” alisema, “mjini naweza kusimama kando ya mtu kwenye tramu kila asubuhi, mwaka mzima, na tusiambiane neno. Lakini kwenye ile njia ya mtoni kila tuliyepishana naye alitusalimu. Wazee, watoto, watu tusiojuana kabisa. Bonjour, bonjour, mpaka jioni. Kwa nini?”

Sikuwa na jibu. Nikalibeba swali lake mpaka Jumamosi ile, na nilipolipata jibu lilikuwa linanihusu mimi kabla ya kumhusu yeye.

Huku kwetu hatuna njia iliyotengwa kwa ajili ya baiskeli. Tuna barabara inayotoka Molo kwenda Olenguruone, na kutoka kwenye barabara hiyo njia za udongo huteremka kati ya majani chai, viazi na safu za miti ya saipresi. Nimezipita njia hizo kwa pikipiki mara nyingi hata nikadhani nazijua. Siku ile nilisikia harufu ya maziwa yanayochemshwa kwa moshi wa kuni. Nilisikia maji yakipita chini ya barabara mahali ambapo sikujua kuna maji. Nilimwona bibi mmoja ameketi langoni akichagua viazi, vidogo upande huu, vikubwa upande ule, na kabla sijafika aliinua mkono.

“Chamgei!”

“Chamgei mising!”

Wewe usiye Mkalenjin, niruhusu nikufungulie neno hilo kidogo. Ndani ya salamu hiyo limo neno *cham*, nalo maana yake ni kupenda. Tunaposema chamgei tunasema habari, lakini chini ya habari upo upendo, kama maji yale yaliyopita chini ya barabara. Mtu anayekusalimu hivyo amekuachia upendo mkononi hata kama hakulifikiria neno lenyewe. Na mtu anayepita bila kusalimu, ameondoka na nini?

Nilisalimiwa na watu wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Vijana wawili wa mazoezi walinipita mbio wakipanda mlima, miguu yao ikigusa udongo kidogo tu, nao pia waliinua mkono. Keringet, kama unavyojua, ni nchi ya kasi. Faith Kipyegon alikulia huku. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Rio mwaka wa 2016, akashinda Tokyo mwaka wa 2021, akashinda Paris mwaka wa 2024, na Julai mwaka wa 2025, kule Eugene, Marekani, alizikimbia mita hizo kwa dakika 3 na sekunde 48.68, muda ambao mwanamke mwingine hajawahi kuufikia. Tunajivunia binti yetu, na ni haki yetu. Lakini sisi tunaoishi huku tunajua kitu ambacho televisheni haionyeshi. Mbio hizo huisha kabla ya dakika nne. Zinazozibeba ni asubuhi za miaka mingi, za baridi na matope, zisizo na mtu wa kupiga makofi.

Ninakuomba ulikumbuke jambo hilo. Nitalirudia.

Nikaendelea kuteremka. Kutoka pale juu unauona msitu wa Mau ukijitandaza, mweusi kwa mbali, mawingu yakiushika shingoni. Ni mmoja wa minara mitano mikubwa ya maji ya Kenya. Maji ya upande wetu huenda magharibi, kijito kwa kijito, mpaka Mto Sondu. Sondu huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu kisha huyafikisha maji hayo Ziwa Victoria. Upande mwingine wa msitu huohuo hutoka Mto Njoro unaokwenda Ziwa Nakuru, na Mto Molo unaokwenda Baringo, na Mto Mara unaonywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti. Mvua ni moja na msitu ni mmoja. Mjaluo kando ya ziwa, Mmasai, Mtugen, Mkikuyu, Mkipsigis, sote tunateka kutoka kwenye mtungi huo, na msitu haujamuuliza hata mmoja wetu jina la baba yake.

Sisi tumeulizana. Wewe uliyezaliwa pande hizi unafahamu kwamba barabara hiyohiyo ya Molo na Olenguruone imebeba mambo mazito. Mwaka wa 1992, tena kipindi cha uchaguzi wa 1997, tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa Molo na Kuresoi walibeba magodoro na watoto wakikimbia jirani zao. Nyumba ziliungua. Wapo ambao hawakurudi, na wapo waliorudi wakaishi tena ua kwa ua na mtu ambaye hawajui alikuwa wapi usiku ule. Silitaji jambo hilo kwa wepesi. Nimelitaja kwa sababu nikiwa kwenye baiskeli, nikiwa napita polepole lango kwa lango, nilitambua kwamba chuki kubwa haikuanza ikiwa kubwa. Ilianza kwa malango ambayo watu walizoea kuyapita bila kusimama.

Na mbele yangu palikuwa na lango la namna hiyo. Lilikuwa langu.

Karibu na kijito yupo mzee ambaye ng'ombe wake waliingia kwenye viazi vyangu, miaka minne iliyopita. Waliharibu mistari kadhaa. Hasara hiyo ingeweza kuzungumzwa juu ya kikombe cha chai, lakini mimi nilikwenda kwake nikiwa na hasira, nikamtolea maneno mbele ya watoto wake. Mchungaji wa Mungu, mbele ya watoto wake. Tangu siku hiyo sikusimama pale tena. Nilipita kila juma kwenda kuwaombea wagonjwa ng'ambo ya kijito, na kila nilipokaribia lango lile nilikuwa na udhuru wa kutosha: kofia ya pikipiki imenifunika uso, injini inanguruma, vumbi linafuka. Ningewezaje kusalimu? Nilijiambia kwamba nimekwisha kumsamehe yale ya ng'ombe. Sikujiuliza kama yeye amekwisha kunisamehe mimi.

Baiskeli haina udhuru, mpendwa. Haina kelele ya kujificha ndani yake. Uso wako uko wazi na mwendo wako ni wa mtu anayeweza kusimama. Nilipolifikia lango nilikuta limefungwa, na moyo wangu, nakuambia kweli, ulifurahi. Nikavuka daraja la magogo, nikawaombea wagonjwa wangu, nikanywa mursik, maziwa yetu ya mgando, na saa tisa nikaanza kurudi.

Unajua jinsi mlima unavyomfanya mwenye Black Mamba. Baiskeli hiyo haina gia za kubadilisha. Unasimama juu ya pedali mara mbili, mara tatu, kisha unashuka na kuisukuma. Na ukishashuka unakuwa mtu wa miguu kama watu wengine wa miguu. Hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa hatua ishirini mbele yangu, amejitwika begani mtungi wa maziwa, akipumzika kila baada ya kona. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Siku ile mlima ndio uliotukutanisha.

Ningeweza kupunguza mwendo ili asinione. Nitakiri kwamba nilipunguza. Kisha nikakumbuka bibi wa viazi, aliyeinua mkono kabla hajajua mimi ni nani.

“Chamgei, Mzee.”

Aligeuka polepole, kwa sababu ya mtungi. “Chamgei, Pasta.”

Nikamwomba mtungi. Aliniangalia, akaangalia baiskeli, akaushusha. Tukaufunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, yeye akishika upande huu, mimi upande ule, na kwa muda huo mikono yetu ilifanya kazi moja bila sisi kusema lolote. Tukaanza kupanda. Aliniuliza juu ya wagonjwa. Nilimuuliza juu ya mgongo wake. Tulizungumza juu ya bei ya maziwa na juu ya mvua. Karibu na kona ya mwisho alisema, bila kuniangalia, “Miaka minne, Pasta.”

“Nilikosa, Mzee. Nilikuvunjia heshima mbele ya watoto wako. Naomba unisamehe.”

Tulikwenda hatua kadhaa. Nilisikia maziwa yakicheza ndani ya mtungi.

“Ng'ombe walikuwa wangu,” akasema. Na baada ya hapo aliweka mkono wake nyuma ya keria, akaanza kusukuma pamoja nami.

Mpendwa, nimelitafakari tukio hilo juma zima, na kuna mambo mawili ningependa kukuachia.

La kwanza ni juu ya mwendo. Nadhani sasa naweza kumjibu binti yetu wa Ufaransa. Watu wa ile njia ya Loire si wema kuliko watu wa kwenye tramu. Huenda ni watu walewale. Tofauti ni kwamba kando ya mto wanakwenda kwa mwendo ambao jicho linaweza kukutana na jicho, na jicho likishakutana na jicho, salamu hutoka yenyewe. Upendo una mwendo wake, nao ni mwendo wa mtu anayeweza kushuka. Kumbuka wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau siku ile ya ufufuo, safari ya kama kilomita 11. Bwana aliyelishinda kaburi hakuwapita kwa utukufu. Aliwakaribia, akafuatana nao kwa miguu, akawauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme huzuni yao yote ndipo akafundisha. Walimtambua jioni, mezani, alipoumega mkate. Ingekuwaje kama angekuwa na haraka?

Nawe, ni lango gani unalolipita kwa kasi? Huenda si la jirani. Huenda ni mlango wa chumba cha kijana wako, ambaye siku hizi mnazungumza karo na chakula tu. Huenda ni namba iliyo kwenye simu yako ambayo kila ukiiona unaisogeza juu kwa kidole. Huenda ni mama mkwe, au ndugu mliyegawana naye shamba. Sikuulizi ili ujisikie vibaya. Nimepita lango langu miaka minne, na Mungu hakunikemea. Aliiacha pikipiki ikae kwa fundi.

La pili ni juu ya kasi, maana Biblia yetu haiikatai kasi. Katika mfano wa mwana mpotevu aliyerudi nyumbani yupo mtu anayekimbia, naye ni baba. Mzee mwenye mali na heshima alimwona mwanawe angali mbali akakimbia barabarani kwenda kumkumbatia. Sisi watu wa Keringet tungepaswa kuupenda mstari huo kuliko wengine wote. Lakini tazama vizuri: alimwonaje angali mbali? Mtu humwona anayekuja kutoka mbali ikiwa amezoea kuitazama barabara. Nadhani baba yule aliitazama jana, na juzi, na siku nyingi ambazo barabara ilikuwa tupu. Kukimbia kwake kulikuwa kwa dakika chache. Kazi ya kila siku ilikuwa kutazama.

Hapo ndipo ninaporudi kwa zile asubuhi za baridi na matope. Tunadhani msamaha ni tendo kubwa la siku moja, kama mbio za fainali, na tunangoja mpaka tuwe na nguvu za fainali. Lakini siku ya msamaha ikifika hudumu kitambo kifupi tu, maneno matatu mlimani. Kinachoibeba siku hiyo ni mazoezi madogo yasiyoonekana: kusalimu usipotaka kusalimu, kutaja jina la mtu katika sala hata kama moyo haujalainika, kuitazama barabara leo tena ingawa jana ilikuwa tupu. Uaminifu wa kila siku ndio mazoezi. Usidharau siku ambayo uliweza kusalimu tu. Siku hiyo ulikuwa mazoezini.

Najua kwamba baadhi yenu mnaosoma maneno haya mmebeba jeraha lisilofanana na mistari ya viazi. Ulipoteza nyumba au mtu. Au aliyekuumiza bado ana uwezo wa kukuumiza tena, na busara inakuambia ukae mbali. Kwako sisemi nenda ukabishe hodi kesho. Mungu anajua mwinuko wa mlima wako, na hamhukumu mtu anayesimama kupumzika kila baada ya kona. Labda hatua yako ya juma hili ni kumwambia Mungu ukweli tu: Bwana, sijaweza. Hiyo pia ni sala, na Yeye yuko tayari kwenda nawe kwa mwendo huo. Umewahi kufikiri kwamba huenda anayetembea kando yako sasa, usiyemtambua kwa sababu ya huzuni, ndiye?

Pikipiki ilirudi Jumatatu. Ninaihitaji, kwa kuwa wagonjwa wako mbali na usiku mwingine ninaitwa kwa haraka. Lakini nimejiwekea desturi moja. Nikifika karibu na lango lile lililo juu ya kijito, ninazima injini, ninavua kofia, na ninaiacha pikipiki iteremke yenyewe kwa mwendo wa baiskeli. Siku nyingine mzee yupo, siku nyingine hayupo. Jana mjukuu wake ndiye aliyekuwa langoni, naye aliinua mkono kabla yangu.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyeshuka ukatembea nasi kwa miguu, tufundishe kushuka. Tuonyeshe lango moja juma hili. Utupe ujasiri wa salamu, na saburi ya kuitazama barabara. Uwakumbuke wote wa Molo, Kuresoi na Olenguruone ambao machozi yao hayajakauka, na kama unavyoyatoa maji ya Mau bila kuuliza anayekunywa ni wa nani, yatoe mapenzi yako kupitia kwetu. Amina.

Tuonane juma lijalo, mpendwa. Nenda polepole.